Ulimbo wa Msonobari

Nasriya bint Sinan alimnusa mtuhumiwa viganja kabla hajamuuliza jina. Ndiyo kawaida yake. Tangu alipokuwa mpelelezi wa polisi, mpaka sasa anapojitegemea katika chumba kimoja juu ya gereji kule Ghala, Maskati, pua yake humtangulia kila anakokwenda. Waliokuwa wakimcheka kwa tabia hiyo wamekwisha kunyamaza, wengine wakiwa ndani.

"Msonobari," alisema. "Na sabuni ya vyombo."

Msichana aliivuta mikono yake akaikunja kifuani. Alikuwa mrefu, mabega mapana, kavaa jezi ya mazoezi iliyompwaya. Walikuwa wameketi kwenye benchi katika chumba cha kubadilishia nguo, ukumbi wa michezo wa Ansab, na nyuma ya ukuta ilisikika mipira ikidundwa na wanawake wakipigiana kelele kwa Kituruki.

"Jina lako nani?"

"Nakalanzi, madam."

"Kwenu wapi?"

"Uganda. Masaka."

"Na hapa unafanya kazi kwa nani?"

"Kwa Mama Rahila, Ghubra. Mwaka wa pili sasa."

"Haya. Ulimbo huu ulionata kwenye kucha zako, umeupata wapi?"

Nakalanzi aliangalia sakafu.

"Sikiliza, binti yangu. Bweta la klabu limepotea, lile la ulimbo wanaopaka viganjani. Kocha amekushika mkono asubuhi kukusalimia, akasikia harufu ya kilichokuwamo. Anasema ukisema kweli, mechi ya leo alasiri utacheza. Ukinyamaza, mpira hutaugusa, na Uturuki utaisikia redioni. Umenifahamu?"

"Nimekufahamu."

"Basi?"

"Mimi si mwizi, madam. Hiyo tu ndiyo naweza kusema."

Nasriya amehoji wezi wa kila sampuli, na jambo moja alilolishika ni kwamba mwizi ana maneno mengi. Atakwambia alikuwa wapi, na nani, wamekula nini, na pilipili ilikuwa kali kiasi gani. Huyu alikuwa na sentensi moja, na kila alipoulizwa aliirudia ileile. Hapo mtu anamficha mtu, Nasriya alijiambia. Swali ni nani.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Klabu ya wanawake ya Gülçam, wachezaji wa mpira wa mikono kutoka milima ya kusini mwa Uturuki, walikuja Maskati kukimbia baridi, wafanye mazoezi na wacheze mechi ya kirafiki na timu ya wasichana wa hapa. Winga wao wa kushoto alikuwa ameolewa, kaacha mpira. Ijumaa ya wiki iliyopita, siku ya Nakalanzi ya kupumzika, kocha wao alimkuta akicheza ukumbini na Waganda wenzake, akasimama, akasahau hata chai aliyoishika. Akamwambia: Jumamosi ya wiki ijayo cheza na sisi. Ukiweza, nakuchukua. Msichana aliyekuwa akicheza timu ya mkoa kwao, kisha akaja kuosha vyombo Ghubra, aliona mlango umefunguka. Sasa Jumamosi ndiyo hii, na mlango ulikuwa unafungwa mbele ya uso wake.

Nasriya alitoka nje. Meneja wa ukumbi, Loay, ndiye aliyempigia simu kwa sababu hakutaka polisi, na Loay huyohuyo ndiye aliyekuwa wa kwanza kushukiwa. Haya hutokea.

"Nimeambiwa uliapa kulitupa bweta lao kwenye pipa," Nasriya alimwambia.

"Niliapa, ndiyo. Tizama sakafu hii! Mpya! Ulimbo ukiganda hapo hautoki, nilete watu wakwangue kwa visu. Nikawaambia, kwenye ukumbi wangu hapakwi kitu mkononi. Lakini nilisema tu, bibie. Bweta lenyewe hata sikuliona."

"Hukuliona?"

"Wallahi. Nilikuwa nalisubiri mlangoni nilipige marufuku. Halikuja."

Nasriya alipiga magoti, akaitazama sakafu kwa pembeni, mwanga ukilala juu yake. Safi. Akapita kwenye makabati ya wachezaji, akanusa vitasa kimoja kimoja huku wasichana wa Kituruki wakimtazama na kusukumana viwiko. Akanusa begi la mipira. Jasho, mpira, dawa ya misuli. Msonobari hamna, ila kwenye jaketi zao zilizotundikwa, na hapo alisimama kidogo kabla ya kupita.

Basi bweta halikufika Ansab. Loay alikuwa na mdomo mkubwa, na mdomo si kosa la jinai.

Kocha Nermin alimpokea kwenye kiti cha akiba, pembeni mwa uwanja. Mwanamke wa makamo, vidole vimepinda kwa miaka ya ukipa, na Kiarabu alichojifunza kwa bibi yake kule Hatay, mpakani na Syria, kwa hiyo walielewana bila mkalimani.

"Ulimbo unauzwa madukani," Nasriya alisema. "Kwa nini huu?"

"Kaa nikwambie, kisha useme kama mimi ni mwendawazimu."

Akaanza. Gülçam ilizaliwa katika uwanja wa kiwanda cha nyuzi. Wanawake wa zamu ya mchana walikuwa wakirushiana mpira wakati wa mapumziko, wanaume wakiegemea ukuta kuwacheka. Mmoja wao, Hatice, akasema: tuingie ligi. Wakaingia. Msimu wa kwanza walifungwa kila mechi isipokuwa moja, ambayo walitoka sare, na mji mzima ulipika pilau kwa sare hiyo. Hatice aliona mpira unawaponyoka, maana mikono ya viwandani ina mafuta, akapanda mlimani nyuma ya kiwanda, akaukinga ulimbo wa misonobari, akaupika. Msimu uliofuata walipanda daraja. Halafu wakachukua ubingwa wa Uturuki. Halafu wakauchukua tena.

"Na Ulaya?"

"Fainali. Mimi golini." Nermin alivikunja vidole vyake vibovu. "Wenyeji wakakataa ulimbo wetu, wakatupa wa dukani. Dakika ya mwisho nimedaka mpira, nataka kumrushia winga, ukaniteleza mkononi mwangu, ukaingia. Goli moja. Tukashindwa kwa hilo."

"Pole."

"Kiwanda kikafungwa. Wafadhili wakakimbia. Tukashuka daraja, tukashuka tena. Sasa tumepanda hadi la pili, na mwaka huu tuna matumaini ya kurudi juu. Lakini Hatice amefariki majira ya kuchipua. Ulimbo uliokuwa kwenye bweta ndio wa mwisho kuupika kwa mkono wake. Unanielewa? Sijali shaba ya bweta. Namtaka Hatice wangu."

Alisema hivyo waziwazi, macho yamejaa, na Nasriya alimpenda palepale.

"Mara ya mwisho ulilishika wapi?"

"Jana, nyumbani kwa yule bibi, Rahila. Alitualika chakula cha mchana timu nzima, kwa ajili ya msichana wake. Bweta siliachi kwenye basi, nililibeba mwenyewe. Mlangoni tukavua viatu, tukaweka chini vitu tulivyokuja navyo, peremende za lokumu, karanga za kwetu, tukaingia. Tukala mpaka tukashindwa kuinuka. Wakati wa kuaga, bibi akatufukiza mmoja mmoja, nguo na nywele. Na mimi nikaanza kulia, sijui kwa nini. Nilijiona niko mlimani kwetu. Nikatoka nimepigwa na butwaa, bweta sikulikumbuka mpaka asubuhi."

Nasriya aliacha kuandika.

"Hilo ulilovaa ndilo jaketi la jana?"

"Ndilo."

"Niruhusu."

Akaishika kola, akaivuta puani, akafumba macho. Udi anaujua tangu tumboni mwa mama yake. Ubani vilevile, wa Dhofar, wa Somalia, hata ule wa kudanganyia watalii. Harufu hii haikuwa hata moja katika hizo.

"Mechi yenu saa ngapi?" aliuliza, tayari kainuka.

"Baada ya asri."

"Usimfukuze yule msichana mpaka nirudi."

Nyumba ya Bi Rahila iko Ghubra, mtaa wa nyuma ya skuli, na mlango wake haufungwi mchana. Nasriya aliingia kwa hodi moja. Bibi alikuwa amekaa sebuleni, birika la kahawa pembeni, halua imefunikwa. Mjane mzaliwa wa Unguja, aliyeletwa Maskati akiwa msichana, na watoto wake wote wana kazi kubwa na majumba ya mbali.

"Mtoto wa Sinan! Ingia, mwanangu, mbona wasimama kama mdai? Kaa. Kahawa?"

Nasriya alikaa, akapokea kikombe, na alipoinua macho aliliona. Kabati la vioo, rafu ya juu, katikati ya seti ya vikombe na picha ya Hija: bweta la shaba limesuguliwa likang'ara, msonobari umechorwa kifunikoni, utepe mwekundu na mweupe, rangi za klabu, bado umelizunguka.

Hapo, kusema kweli, kazi yake ya zamani ilimponza. Mpelelezi akikiona kitu, hutafuta nia, na nia aliiona mara moja: bibi peke yake katika nyumba kubwa, na msichana pekee anayekaa naye anataka kuchukuliwa.

"Bi Rahila, Nakalanzi akienda Uturuki, utabaki na nani?"

"Na Mungu. Kwa nini waniuliza?"

"Kwa sababu bweta la wageni limepotea, anashukiwa yeye, na hatacheza. Na bweta lile pale. Ulitaka abaki?"

Bi Rahila alikiweka kikombe chini taratibu sana. Nasriya alitamani ulimi wake urudi.

"Nnataka abaki," bibi alisema. "Hilo usiniulize kama siri. Nnampenda, ananicheka, ananipigia makofi nikisimama vizuri na goti hili. Kila nikisali nnamwombea ashinde, na moyo unaniomba ashindwe, kisha nnatubu, kisha nnarudia. Hayo yangu na Mola wangu. Lakini kumwibia mgeni, ndani ya nyumba yangu? Umenijua mwizi tangu lini, Nasriya?"

"Basi lile bweta..."

"Zawadi! Wameiweka mlangoni pamoja na zawadi nyengine. Tena imefungwa utepe! Mgeni zawadi yake haifunguliwi usoni pake, au mama yako hakukufunza? Nikaipeleka ndani, nikaifungua jikoni, nikaona ubani. Mabonge mazuri, ya manjano. Nikasema, mashallah, watu wa mbali hawa wanajua adabu. Basi nikaona wakiaga niwafukize kwa ubani wao wenyewe, wajue nimeupokea."

Nasriya alijishika kichwa. Mwizi gani huweka alichoiba kwenye kabati la vioo, sebuleni, kimesuguliwa, utepe juu? Hata mwanafunzi wa polisi wa wiki ya kwanza angeona. Yeye aliona nia, akaacha kuona kabati.

"Nisamehe, Bi Rahila. Nimekukosea."

"Umenikosea. Kula halua."

"Ulitoa moshi wa namna gani, huo ubani?"

"Mweusi! Nikajisemea, wa Kituruki huu una ukali wake. Na chetezo kikanata mpaka nikamwambia Nakalanzi akisugue."

"Ulibaki?"

"Ubaki vipi? Wageni wengi vile, nimewatilia mkono wazi. Vipande vya mwisho nimewapelekea majirani."

Hakukuwa na njia laini ya kulisema, kwa hiyo Nasriya alilisema wima. "Ule si ubani, bibi. Ni ulimbo. Wanapaka viganjani ili mpira usiteleze. Na aliyeupika amekufa. Ulikuwa wa mwisho."

Mkono wa Bi Rahila ulitafuta kitu cha kushika, ukashika mtandio.

"Nimechoma mali ya mgeni," alisema. "Tena nimemfukiza nayo mwenyewe."

"Hukujua."

"Na Nakalanzi? Yeye mchezaji. Yeye alijua?"

"Alijua alipokuwa akisugua chetezo. Ndiyo maana mikono yake inanuka. Ameulizwa tangu asubuhi, mbele ya timu nzima, na hajasema neno."

"Kwa nini hakusema, mtoto yule?"

"Kwa ajili yako. Hataki uaibike mbele ya wageni."

Nasriya alitarajia machozi. Alichopata ni hasira, na hasira ya Bi Rahila ilikuwa na miguu.

"Mimi? Nani kamwambia mimi yai, nitapasuka? Aibu yangu nitaibeba mwenyewe, nina mabega! Ati aache bahati yake kwa sababu ya kizee aliyechoma asichokijua! Nipe buibui langu. Na bweta lile litoe. Gari yako inakwenda mbio?"

"Inakwenda."

"Basi mbona umekaa?"

Walipofika Ansab, timu zote mbili zilikuwa zimejipanga na mwamuzi ameshika firimbi. Nakalanzi alikuwa kwenye jukwaa la watazamaji, amevaa nguo zake za kutwa, jezi imekunjwa magotini. Bi Rahila alikata uwanja katikati, bweta mkononi, kisigino kikigonga.

"Viatu, bibi! Sakafu!" Loay alipiga kelele.

"Nyamaza, Loay, nna aibu ya kutangaza."

Akasimama mbele ya Nermin. Akayasema yote kwa Kiarabu, bila kupunguza kitu: bweta, utepe, chetezo, moshi mweusi, majirani. Mwisho akasema, "Msichana hana kosa hata la sindano. Kosa langu. Nihukumu mimi."

Nermin alilipokea bweta, akalifungua, akalikuta tupu. Kisha, polepole, akauinua mkono wa jaketi lake akaunusa. Akawageukia wachezaji wake akawaambia kwa Kituruki. Kipa wao akaushika msuko wake akauweka puani. Winga wa kulia akanusa wa jirani yake. Mmoja akacheka, akajiziba mdomo, na kicheko kikawaponyoka wote, huku wengine wakifuta macho. Nermin alikuwa akifanya yote mawili kwa pamoja.

"Hatice alikuwa mtu wa kukaribisha watu," alimwambia Bi Rahila. "Mimi nilikuwa naubana ulimbo huu, kila mechi natoa punje, naogopa utakwisha. Na ulipokwisha, umekwisha tumekaa pamoja tumeshiba. Angekubusu." Akambusu yeye kwa niaba.

Kisha akamwita Nakalanzi. Kiarabu cha msichana kilikuwa cha jikoni, kwa hiyo Nasriya alitafsiri.

"Anauliza kwa nini hukusema."

"Ningemsema Mama mbele ya watu?" Nakalanzi alionekana kushangazwa na swali lenyewe. "Huyu alikaa huku kila Ijumaa na chupa yake ya kahawa kuniangalia. Hata sheria za mchezo hazijui. Anapiga makofi hata tukifungwa."

"Anasema unyamavu wako ulikaribia kukukosesha kila kitu."

"Nilijua, madam."

Nermin hakungoja tafsiri ya hilo. Alimwonyesha uwanja kwa kidevu.

Basi wakacheza mikono mitupu, kwa amri ya Loay na kwa kukosa budi. Na hapo ndipo Gülçam walipoona tabu. Waliozoea ulimbo maisha yao yote walidaka mpira ukawachomoka, walirusha ukaenda kwa mwamuzi, na wasichana wa Maskati, ambao hawajawahi kuupaka, wakawapita kwa mabao kama wanatembea. Nermin alikuwa akipiga kelele mpaka sauti ikamkauka. Mchezaji mmoja tu wa upande wake hakuwa na habari na tatizo hilo. Kule Masaka walicheza kwenye uwanja wa udongo, mikono ina vumbi, na mpira usioshikwa kwa vidole vyako mwenyewe haukushikwa na kitu kingine. Nakalanzi aliupokea pembeni, akaruka ndani ya eneo la kipa, akakaa hewani kidogo kumtazama kipa anaegemea wapi, akaupachika upande wa pili. Akarudia. Akarudia tena, safari hii kwa mkono wa kushoto, na Loay mwenyewe akajisahau akaruka juu ya sakafu yake.

Bi Rahila alisimama kwa kila bao, goti au si goti.

"Ni letu hilo?" alimuuliza Nasriya.

"Letu."

"Na lile?"

"Lile la wenzetu."

"Nimekwisha kulipigia makofi. Basi."

Gülçam walishinda kwa bao moja, na bao lenyewe mjue lilikuwa la nani. Wachezaji wakamrukia Nakalanzi wakamlaza chini. Nermin hakwenda huko. Alikuja moja kwa moja kwenye jukwaa, akasimama mbele ya Bi Rahila mikono ameikunja mbele, kwa adabu, maana bila ridhaa ya kafili, yaani mwajiri aliyemdhamini nchini, msichana hakuweza kuihama kazi. Nakalanzi alijitoa kwenye rundo la watu, akaja akasimama nyuma ya kocha, jasho likimtiririka.

"Namtaka," Nermin alisema. "Nakuomba."

Bi Rahila alimtazama msichana miguu, magoti yaliyochubuka, mabega, uso. Machozi yalimtoka wala hakujisumbua kuyafuta.

"Mchukue," alimwambia kocha kwa Kiarabu. Kisha akageuka, akasema kwa Kiswahili, ili anayeambiwa asikie mwenyewe:

"Nenda, mwanangu. Kesho nitakusainia. Na nyumbani kwangu kazi sikutaki tena, umesikia? Siku ukirudi, utapiga hodi mlango wa mbele, utakaa sebuleni, na mimi ndiye nitakayekupikia."